Neno haliandaliwi getini

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumatano iliyopita nilikaa benchi la nyuma kwenye ibada yetu ya saa saba hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Ndugu mwenye zamu ya neno alikuwa bado nje, getini, karibu na mama wa chapati, kichwa kimeinamia simu, kidole kinapanda na kushuka. Sifa zilishafika wimbo wa tatu. Dada anayeongoza sifa akamwona kupitia dirishani, akaongeza wa nne, kisha wa tano, ili tu kumsitiri mwenzake. Madereva wakaimba mpaka sauti zikakauka. Nilijua yule ndugu anatafuta nini kwenye simu, maana wiki ya kabla yake dada mwingine alisimama pale pale akitafuta hicho hicho: neno la kuhubiri.

Nawapenda, nyinyi mliopewa uongozi mwaka huu. Siwezi kuwatazama hivi nikanyamaza.

1. Fungua Biblia kabla hujawasha data. Ukianza na simu, asubuhi imekwisha.

2. Zamu yako haiishi Jumatano. Tunakaa pale dakika 45 tu: madereva wameingia na mikono yenye oili, mawakala wameshika mafaili kwapani, mama wa chakula amesimama mlangoni, sikio moja kwenye neno na jicho moja kwenye sufuria. Hawa hawataleta maswali yao saa saba. Dereva aliyekwama forodhani ana siku nzima ya kuwaza. Atakuuliza Alhamisi jioni, amechuchumaa chini ya trela, na wewe unakimbilia nyumbani. Paulo alimwambia Timotheo awe tayari "wakati ukufaao, na wakati usiokufaa." Nimehudumu hapa mpakani miaka mingi, na kazi yangu kubwa imekuwa kwenye huo wakati wa pili.

3. Usitumie sauti kufunika upungufu wa ndani. Hili nitalieleza kwa urefu, maana lilimgharimu mtu mwingine.

Kulikuwa na dereva mmoja mzee, mtu wa Kongo, aliyekuwa akipita hapa na mizigo ya Goma. Kila akipita anaingia ibadani, anakaa kiti kile kile cha karibu na mlango, kofia ameiweka gotini. Hakuwa msemaji. Usiku mmoja, kama saa sita, taniboi wake, msaidizi wake wa gari, akanipigia: "Mtumishi, mzee amelazwa, na anakuita wewe." Nikapanda boda.

Mwezi ule huduma ilikuwa imejaa. Kesha kila Ijumaa, mazishi mawili, semina ya vijana. Aliyeniona kwa nje alisema nawaka moto. Lakini kwa wiki karibu sita sikuwa nimefungua Biblia ila kutafuta cha kuhubiri. Kuomba nilikuwa naomba, tena sana, ila mahali penye watu wa kuitikia amina. Kulikuwa pia na jambo la pesa za ibada nililokuwa nalikwepa, sitaki kulileta mbele za Mungu. Hakuna aliyelijua.

Nikamkuta kwenye kitanda cha ukutani. Akanishika hapa kwenye kifundo cha mkono, akanivuta niiname. Akasema polepole kwamba kuna mtoto alimkataa Kisangani, akiwa kijana. Mama wa mtoto alihangaika naye peke yake mpaka akafa. Hajawahi kumwambia mtu. Kisha akauliza: "Mtumishi, Mungu atanipokea?"

Nilisikia kila neno. Swali lile lilitaka mtu avute kiti, akae, asikilize mpaka mwisho. Mimi nilisimama. Nikaanza kukemea mauti, nikatembea kati ya vitanda, "Hutakufa, baba! Pokea uzima!" Wauguzaji wa wagonjwa wengine wakaitikia. Mzee akaningoja nimalize. Akajaribu tena: "Lakini yule mtoto..." Nikamkatiza. Nikamwambia asikiri maneno ya mauti, aseme amepona.

Akaniachia mkono, kidole kimoja kimoja. Nikaaga, nikisema nitarudi asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri taniboi akapiga simu, na kabla hajasema nilijua.

Rehema za Mungu hazikungoja ruhusa yangu, hilo naliamini. Lakini mzee aliniita mimi, akaniuliza swali ambalo mtoto wa shule ya Jumapili analijibu: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu." Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 1, mstari wa 9. Nilikuwa naujua kwa moyo tangu utoto. Kwa miaka nilijiuliza kwa nini haukuja mdomoni usiku ule, na jibu ninalo sasa: mdomo usioungama dhambi zake ungempaje mwingine ujasiri wa kuungama zake?

4. Uwe na mtu anayeweza kukuuliza. Baada ya mazishi nilimwendea mama mmoja wa Tororo, katika Balokole wa zamani, waliookoka wa ule uamsho wa Afrika Mashariki, wale ambao kutembea nuruni kwao maana yake ni kusema jambo lako lote mbele ya mwenzako, hata la pesa. Nilimsimulia kila kitu nikilia. Alinimiminia chai, akauliza swali moja: "Mwanangu, mara ya mwisho uliomba peke yako lini?" Sikuweza kutaja siku. Pesa zile nilizitaja mbele ya wazee wiki ile ile.

5. Ukifunga, kunywa maji. Baada ya kesha, lala. Nabii Eliya mwenyewe chini ya mretemu alipewa mkate na usingizi kabla ya maagizo.

6. Mnapenda sana mfano wa Nehemia, kwamba mfalme alimuuliza jambo naye akaomba hapo hapo kabla ya kujibu. Nimeusikia mara tatu tangu Pasaka, kila mara ili kuhalalisha maombi ya kwenye boda. Rudini sura ya 1. Habari za Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu, na mfalme alimuuliza mwezi wa Nisani. Katikati hapo kuna kama miezi minne ya kulia, kufunga na kuomba, ndiyo iliyolibeba lile ombi la pumzi moja.

Kila tarehe 16 Februari, upande wa Uganda, tunapumzika kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda, na wahubiri wetu husimulia siku zake za mwisho mwaka 1977, alipouawa wakati wa Idi Amin. Nami nilikuwa nikisimulia hizo tu. Siku hizi nasimama zaidi kwenye Januari 1948, alipookoka akiwa mwalimu kijana kwao Acholi. Kutoka hapo mpaka siku askari walipomchukua ni miaka 29, na nyingi ya asubuhi zake hakuna aliyeziandika.

7. Daftari la maombi liwe la karatasi. Simu huzimika.

Nimeomba zamu ya Jumatano ijayo apewe tena yule ndugu wa getini, na amekubali. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa kwake na chupa ya chai, nyuma ya maduka ya matairi. Tutasoma Zaburi ya 51 na kunyamaza kidogo. Habari ya mahubiri hatutaigusa. Kuna nafasi ya watu wanne, au watano mkiweza kubanana kwenye mkeka.