Maswali na majibu: Mfuko wa nyongo, matundu na makovu

Barua za mawe ya nyongo zimejaa mezani, na nyingi zinaulizia kovu. Nimechagua hizi. Wanaonitumia picha ya tumbo na kuuliza "hili ni jiwe?" siwezi kuwajibu: nendeni mkapige altrasaundi.

Shikamoo daktari. Nina miaka 28, naolewa Desemba. Nina mawe kwenye mfuko wa nyongo na yananiuma. Nasikia kuna upasuaji wa tundu moja kitovuni usioacha kovu. Ni kweli? (Tanga)

Marahaba mwanangu. Upo. Kwa kawaida tunatoboa matundu manne: moja kitovuni la kama sentimita moja, jingine chini ya chembe ya moyo, na mawili madogo ya milimita tano upande wa kulia. Katika njia ya tundu moja, kamera na vifaa vyote hupitia kitovuni, na kovu hujificha kwenye mkunjo. Wapo pia wanaotumia vifaa vyembamba vya milimita tatu, na alama zake huwa ndogo sana.

Sasa sikiliza ambacho hukuuliza. Vifaa vikipita tundu moja hugongana, kazi huchukua muda mrefu zaidi, na tundu la kitovuni likiwa pana, uwezekano wa kupata ngiri hapo baadaye huongezeka. Kama daktari wako anafanya matundu manne kila wiki na tundu moja kwa nadra, chukua manne.

Hatari kubwa iko ndani. Kabla ya kubana na kukata chochote, daktari anatakiwa kusafisha mafuta na utando chini ya mfuko mpaka aone vitu viwili tu vinavyoingia humo: mrija wake na mshipa wake wa damu, huku sehemu ya chini ya mfuko ikiwa imebanduliwa kwenye ini. Daktari wa upasuaji Strasberg na wenzake waliifafanua kanuni hii mwaka 1995, na bado ndiyo kinga yako. Akikata kwa kukisia, anaweza kukata mrija mkuu unaotoa nyongo kwenye ini, na hapo utaingia kwenye upasuaji mwingine mkubwa kuliko wa kwanza. Kwa hiyo muulize: "Usipoona vizuri, utafanya nini?" Akisema atamwita mwenzake, au atafungua tumbo, au atatoa sehemu ya mfuko na kuacha iliyoganda, uko mikononi mwa mtu makini. Akikasirika kwa sababu umeuliza, tafuta mwingine.

Si watoe mawe tu, mfuko waniachie? (Dodoma)

Hapana. Mfuko uliotengeneza mawe utatengeneza mengine. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno.

Nimekunywa mafuta ya zeituni na ndimu usiku, asubuhi yametoka mawe ya kijani, laini, mengi. Nimepona? (Mwanza)

Hujapona, ndugu yangu. Hayo ni sabuni iliyojitengeneza tumboni mwako kutokana na mafuta na ndimu ulizokunywa. Madaktari wa New Zealand waliyapima mwaka 2005: sehemu kubwa yalikuwa mafuta, na yaliyeyuka kwa joto la nyuzi 40. Rudia altrasaundi, utayakuta mawe yako palepale. Wanaouza dawa hii wanawachelewesha watu mpaka mfuko unaoza, na mfuko ulioiva usaha ndio mgumu zaidi kutolewa kwa matundu. Aliyetaka kovu dogo anaishia na kubwa.

Mume wangu aliingia kwa upasuaji wa matundu, ameamka na mshono mrefu chini ya mbavu. Tushtaki? (Mombasa)

Pole mama. Kufungua tumbo katikati ya kazi si kosa kwa lenyewe. Mara nyingi ndiko kumemwokoa. Tangu daktari Mjerumani Langenbuch alipotoa mfuko wa kwanza Berlin mwaka 1882, njia ilikuwa hiyo tu, mpaka Mjerumani mwenzake Mühe alipotumia kamera mwaka 1985. Kosa ni kama hamkuambiwa mapema kwamba jambo hili linawezekana. Ombeni maelezo ya upasuaji yaliyoandikwa, na mwelezwe kwa nini walifungua. Ni haki yenu.

Ngozi yangu hutoa keloidi, makovu yanayovimba na kukua. Matundu madogo yatanisaidia? (Nairobi)

Kidogo. Aliyeota keloidi sikioni kwa sababu ya hereni anajua kwamba kidonda kidogo kinatosha. Mwambie daktari kabla, si baada. Kidonda kikishafunga, plasta za silikoni husaidia, na uvimbe ukianza kuinuka wahi sindano ya steroidi mapema. Usikubali mtu aikate keloidi bila tiba nyingine ya kuizuia. Hurudi kubwa zaidi. Na usipake dawa ya meno wala majivu kwenye mshono.

Mwanangu wa miaka 11 ana selimundu (sikoseli) na mawe. Nimeambiwa apasuliwe. Naogopa nusu kaputi. (Morogoro)

Una sababu ya kuwa mwangalifu. Kwa watoto hawa damu huvunjika upesi, ndiyo maana mawe huja mapema. Njia ya matundu inawafaa, lakini fanyeni kwenye hospitali yenye kliniki ya selimundu: apewe maji ya kutosha, asipate baridi, asipungukiwe oksijeni, na pengine aongezewe damu kabla. Msipeleke zahanati yoyote kwa sababu ya bei.

Nimepasuliwa juzi tumboni, bega la kulia ndilo linaniuma. Walinikosea? (Zanzibar)

Hapana. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksaidi ili tuone, na mabaki yake husumbua kiwambo, msuli wa kupumulia ulio juu ya ini. Maumivu husikika begani. Tembea tembea, yataisha siku chache. Lakini macho yakiwa ya njano, homa ikipanda, au maumivu ya tumbo yakizidi badala ya kupungua, rudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.