Maswali na majibu: Mafunzo ya ushauri wa ndoa kwa mkabala wa kimfumo yanafundisha nini hasa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Newala, na pia ni mjumbe wa baraza la usuluhishi la ndoa la kata yetu. Nimesikia kuna mafunzo ya ushauri wa ndoa na familia kwa "mkabala wa kimfumo". Sisi kwenye baraza humsikiliza mke, tukamsikiliza mume, kisha tukamwonya mwenye makosa. Wengi hurudi na shauri lilelile, hasa baada ya msimu wa korosho. Mkabala huo una tofauti gani na tunachofanya? Mafunzo yenyewe yakoje, na nitajuaje kwamba ada yangu haipotei bure?

JIBU: Mwalimu, ahsante kwa swali, na hasa kwa maneno yako kwamba wengi hurudi na shauri lilelile. Hapo ndipo fani hii ilipozaliwa. Miaka ya 1950 huko Marekani, matabibu waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa wa akili waliona jambo lililowasumbua: mgonjwa anapata nafuu hospitalini, akirudi nyumbani anazidiwa tena, au yeye anapona na mwingine nyumbani anaanza kuugua. Don Jackson na Gregory Bateson walilifuatilia jambo hilo huko Palo Alto. Murray Bowen, katika mradi wake ulioanza mwaka 1954 huko Bethesda, alifikia hatua ya kulaza wodini mgonjwa pamoja na familia yake ili aone yanayopita kati yao. Wote walifika mahali pamoja: ukimtazama mtu mmojammoja hutaelewa kinachoendelea, kwa sababu kila anachofanya mmoja kinajibu kitu alichofanya mwingine. Familia nzima ni mfumo mmoja, na ndiyo maana mkabala ukaitwa wa kimfumo.

Nikupe mfano, ambao nimeuchanganya kutoka mashauri kadhaa ili asitambulike mtu. Mke na mume, wakulima wa korosho Tandahimba. Mke analalamika kwamba mnada ukishapita mume hasemi zimeingia shilingi ngapi. Ujumbe wa benki ukiingia kwenye simu, anaufuta. Mume analalamika kwamba kila neno la nyumba ile humfikia kaka wa mke kabla jua halijazama, na kaka huyo huja kukaa kwenye baraza ya nyumba yao na kumhoji kama mtoto. Ukiuliza nani alianza, kila mmoja ana tarehe yake. Mke ataanzia msimu wa juzi, ilipoonekana pikipiki ambayo hakuambiwa. Mume ataanzia mwaka waliooana.

Baraza la kawaida hapo lingetafuta mwenye makosa, na lingempata, maana makosa yapo. Mshauri wa kimfumo anachora mzunguko. Mume anaficha, mke anaingiwa na hofu na kumwendea kaka yake, kaka anakuja, mume anaona amevuliwa heshima ndani ya nyumba yake, na msimu unaofuata anaficha zaidi. Kila mmoja anajilinda, na kule kujilinda ndiko kunakomchokoza mwenzake. Mkimwonya mume peke yake, atafungua simu mwezi mmoja. Kaka akija tena nyumbani kwao, mambo yanarudi palepale.

Kwa hiyo kitu cha kwanza utakachojifunza ni kuuliza kwa namna mpya. Timu ya Milan, Italia, iliyomjumuisha Mara Selvini Palazzoli, ilichapisha mwaka 1980 makala iliyoeleza mambo matatu ya kumwongoza mshauri: kuunda dhana juu ya familia na kuwa tayari kuiacha, kuuliza kwa mzunguko, na kutoegemea upande. Kuuliza kwa mzunguko ni kumuuliza mtu wa tatu juu ya yanayopita kati ya wawili. Ukimuuliza mume "kwa nini unafuta ujumbe?" utapata utetezi. Katika kikao kimoja cha wale wakulima wa Tandahimba alikuwepo binti yao mkubwa, mtu mzima wa miaka 19. Aliulizwa, "Simu ya baba ikilia jioni, mama hufanya nini?" Akajibu, "Mama huacha kupepeta. Anashika ungo tu." Na bibi? "Bibi hujifanya amelala." Mume aligeuka akamtazama mkewe. Miaka yote hakuwahi kujua kwamba mlio ule ulikuwa unasimamisha kazi ya nyumba nzima. Hakuna aliyemlaumu, na hakuwa na cha kukanusha.

Utajifunza pia jenogramu, yaani mchoro wa ukoo wa vizazi vitatu: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mistari ya ndoa, ya talaka, ya ugomvi na ya ukaribu. Hapa naomba uwe macho, Mwalimu. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa Ulaya na Marekani, na familia inayoanza mchoroni ni baba, mama na watoto. Ukichora hivyo kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao au Wamwera, umechora nusu. Ukoo hapa kwa desturi hufuatwa upande wa mama, na mjomba ana neno katika maisha ya watoto wa dada yake. Yule kaka anayekuja nyumbani kukagua ni mjomba wa watoto wale. Kwa macho ya kitabu ni mtu wa nje aliyevuka mpaka. Kwa macho yake mwenyewe anatimiza wajibu, na angeona haya kutokuja. Ukimwita mwingiliaji umempoteza, na mke naye umempoteza. Vivyo hivyo kwa somo au kungwi aliyemfunda mke unyagoni: kama bado ndiye mtu wa kwanza kuambiwa siri, aingie mchoroni.

Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi Philadelphia, ndiye aliyetia mkazo juu ya mipaka ndani ya familia, isiwe migumu hata watu wasifikiane wala milegevu hata kila mtu awe kila mahali. Wazo hilo nalipenda na ninalitumia, lakini mpaka unaotufaa sisi lazima umwachie mjomba mlango. Katika shauri lile mjomba alialikwa kikao cha tatu, akaulizwa: "Ungejuaje kwamba dada yako yuko salama bila wewe kuja kuuliza?" Alifikiri sana. Kisha akasema akiona karo imelipwa na dada amekuja mwenyewe kumsalimu na mumewe, hatakuwa na sababu ya kuhoji. Mume aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake, na kikao kilichofuata ndiye aliyetaja kiasi cha mauzo.

Sasa mafunzo yenyewe. Nadharia ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kufanya kazi huku unatazamwa. Utaanza na igizo dhima, kama unavyolijua darasani, kisha utaketi na familia halisi, kwa idhini yao, na msimamizi wako akiwa chumbani au akisikiliza kanda baadaye. Vyuo vyenye vifaa hutumia kioo cha kuonea upande mmoja. Sisi huku mkeka na kiti cha pembeni vinatosha. Kwa kukupa kipimo, viwango vya Marekani kwa miaka mingi vilidai saa 500 za kukaa na wateja na saa 100 za usimamizi kabla ya kuhitimu. Sisemi utafute saa hizo hizo. Nasema semina ya siku tano inaweza kukuamsha, lakini haikufanyi mshauri, na anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Kuna jambo moja linalonifurahisha kuhusu nafasi yako. Mwaka 1985 huko Tromsø, Norway, Tom Andersen na wenzake waliacha kujificha nyuma ya kioo. Waliiacha familia iwasikilize wao wakijadiliana kwa upole juu ya walichokisikia, kisha familia ikasema imepata nini. Baraza lako lina watu wa kufanya hivyo tayari: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Mmoja aulize, wengine wanyamaze, kisha wazungumze wao kwa wao mbele ya wanandoa bila kutoa hukumu. Wakati wa hukumu upo, ila usiwe dakika kumi za kwanza.

Lakini usichanganye kofia. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 101, inataka mgogoro upite barazani kabla ya ombi la talaka kwenda mahakamani, na baraza likishindwa kupatanisha hutoa hati. Mtu akijua kwamba wewe unayemshauri ndiwe utakayetia saini hati, hatakufungulia moyo wote. Ukihitimu, familia unazozishauri kwa kina zisiwe zile zinazosikilizwa na baraza lako.

Na hapa sitalegeza neno: mkabala huu usitumike kumgawia lawama aliyepigwa. Kusema kila mmoja anachangia mzunguko ni sawa kwa ujumbe uliofutwa na maneno makali. Kipigo kina mwenye nacho, naye ni aliyepiga. Wanawake wa fani hii wenyewe waliwakosoa waasisi kwa kulisahau hilo. Ukiona dalili za kipigo au kitisho, usiwaketishe pamoja. Zungumza na kila mmoja peke yake, usalama kwanza, na njia ya kwenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi uijue kabla hujaihitaji.

Kuhusu ada: uliza kama chuo kinatambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, au NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, kwa vyuo vya kati. Uliza nani atakusimamia, mara ngapi, na kama yeye mwenyewe bado anaketi na familia. Uliza kama utachora jenogramu yako mwenyewe mbele ya wenzako. Wakisema hilo halimo, tafuta kwingine.

Na huna haja ya kusubiri hadi ujiandikishe. Chukua karatasi kubwa leo, anza na wewe, panda hadi kwa babu na bibi wa pande zote. Mimi nilipochora yangu nilikuwa tayari nimeshauri wanandoa kwa miaka minne. Nikaona nimemwacha nje mjomba aliyenilea, na nikakumbuka ni mara ngapi nilikuwa nimewaambia wateja wangu wawaache wajomba zao nje. Niliwatafuta wawili kati ya wateja hao, nikaomba tukae upya.