Usilipie projekta hiyo kabla hujaiona ikiwaka ukumbini saa nane mchana

Simamisha malipo leo. Hayo mengine uliyouliza, bei ya tiketi na kurusha mchezo wa kuigiza mtandaoni, yatakuwa na maana tu kama kutakuwa na kitu cha kutazama jukwaani. Kwa mpango uliouandika hakitakuwepo: Kisumu, onyesho kwa wanafunzi saa nane mchana, seti ya mbao imetupwa, mandhari yote itoke kwa projekta ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga) kwenye shuka jeupe la upana wa mita 6.

Piga hesabu. Picha ya mita 6 kwa 3.75 ni mita mraba 22.5. Gawanya lumeni 3,000 kwa eneo hilo, unabaki na kama lumeni 133 kwa kila mita mraba. Tena hizo ni lumeni za kwenye boksi, balbu ikiwa mpya, projekta ikiwa kwenye mwangaza mkali kabisa unaoharibu rangi. Taa za kumulika nyuso za waigizaji hupita lumeni 500 kwa kila mita mraba kwa urahisi. Mwanga wa taa hizo unagonga sakafu, unaruka hadi kwenye shuka, na kila palipokuwa peusi kwenye picha panageuka kijivu. Ongeza madirisha yasiyo na mapazia mazito. Ile mandhari ya ziwa usiku haitaonekana hata na walioketi mbele. Ndipo mwongozaji anapozima taa za mbele ili kuokoa picha, na sasa nyuso hazionekani. Mwigizaji asiyeonekana macho ameshanyang'anywa nusu ya kazi yake.

Aliyewaambia "projekta ni projekta" anakodisha vifaa vya semina, ambako msemaji anasimama pembeni na taa za mbele zinazimwa. Inauma kuona vikundi vya Kisumu, Kakamega na Nakuru vikichangishana pesa ya seti kisha kumkabidhi mtu ambaye hajawahi kuketi kwenye mazoezi ya taa hata mara moja.

Kwa hiyo: hakuna kulipa kabla ya kuiwasha projekta hiyohiyo, katika ukumbi huohuo, saa ileile ya mchezo, taa zote za waigizaji zikiwaka. Mwenye vifaa akikataa jaribio, tafuta mwingine.

Mkipunguza picha iwe na upana wa mita 3, mwangaza unaongezeka mara nne kwa projekta ileile. Picha hiyo iwekeni juu ya vichwa vya waigizaji. Shuka la kijivu huhifadhi weusi kuliko jeupe. Waigizaji wakae angalau mita 2 mbele yake, na wamulikwe kutoka pembeni mwa jukwaa, si moja kwa moja kutoka mbele. Kama lenzi ni ya uwiano wa 1.5 (umbali wa projekta ukigawanywa kwa upana wa picha), picha ya mita 6 inadai umbali wa mita 9. Projekta ikirusha kutoka mbele ya shuka, kila anayepita chini ya mwale anaacha kivuli, na ikirusha kutoka nyuma ya shuka lazima upime kwanza kama hizo mita 9 zipo. Lenzi ya 0.5 inahitaji mita 3 tu. Kebo ya HDMI, ile ya kupeleka picha kwenye projekta, ikizidi mita 15 picha inaweza kuanza kukatika, basi tumieni kifaa cha kupitisha picha kwenye kebo ya mtandao.

Na taa zikizimwa kati ya onyesho na onyesho, projekta bado inatoa mstatili wa kijivu hata ukiweka picha nyeusi. Mpe mtu mmoja kadibodi ya kuziba mwale, isiguse lenzi, na asipewe kazi nyingine.