Njia ya gari ya kokoto: maswali yenu

Barua nyingi za safari hii zinatoka kwa watu wenye nyumba shambani ambao gari lao halifiki mlangoni mvua ikinyesha. Nimeziunganisha, kwa sababu ugonjwa wao karibu wote ni mmoja: maji.

Fundi, mwaka juzi nilimwaga tripu mbili za kokoto juu ya udongo. Leo sizioni. Zimekwenda wapi?

Ziko palepale, chini ya miguu yako. Udongo ukilowa hulainika, tairi likipita huzisukuma kokoto chini, na tope hupanda juu kwenye mianya yake. Ukimwaga tripu ya tatu, nayo itamezwa.

Ilipaswa kwanza kuondolewa ule udongo wa juu wenye mizizi na mboji, mara nyingi sentimita 15 hadi 20, mpaka ufikie udongo mgumu. Unataka kujua kama umefika? Subiri paloe kidogo, simama kwa mguu mmoja, kisha zungusha kisigino. Kikizama, endelea kuchimba. Pakishakuwa pagumu, pashindilie, halafu tandika jiotekstaili, kile kitambaa kizito kinachopitisha maji lakini kinazuia udongo usichanganyike na mawe. Vipande vyake vipishane sentimita 30 au zaidi. Tafadhali usibadilishe ukaweka nailoni ya kawaida ili kuokoa fedha. Nailoni hufungia maji.

Juu ya kitambaa weka mawe yaliyopondwa, makubwa kiasi cha ngumi ya mtoto, kina cha sentimita 10 hivi. Zifuate kokoto za kati, na juu kabisa kokoto ndogo za milimita 20 kushuka chini, zilizochanganyika na vumbi lake. Kila tabaka lishindiliwe peke yake, likiwa na unyevu kidogo. Kumwaga yote kwa pamoja na kupitisha mashine mara moja ni kujidanganya: juu patakaza, ndani patabaki pamelegea.

Karibu nasi kuna kokoto za mtoni, laini na za kupendeza. Zitafaa?

Kwa maua, ndiyo. Kwa gari, hapana. Chukua kokoto za mtoni uziminye kiganjani: zinateleza na kukuponyoka kama gololi. Chukua zilizopondwa kwa mashine uminye vilevile: zitakuchoma, lakini zitashikana. Kushikana huko ndiko kunakobeba gari, na vumbi lake ndilo linaloziba nafasi zilizobaki.

Nakiri kwamba njia yangu ya kwanza niliijenga kwa hizo za mtoni, maana nilipenda rangi. Siku ya tatu gari la mgeni lilizungusha magurudumu papo hapo, likachimba mifereji miwili, tukalisukuma watu wanne. Kokoto zile sasa zimepumzika chini ya bomba la bustani.

Njia yangu ni mita 30 kwa mita 3. Niagize kokoto kiasi gani?

Ukitaka unene wa sentimita 15 baada ya kushindilia: 30 × 3 × 0.15 ni mita za ujazo 13.5. Mashine itazibana, kwa hiyo ongeza robo. Agiza kama 17. Mita moja ya ujazo ina uzito wa takriban tani moja na nusu. Na usinunue kwa "tripu" tu, malori hayalingani. Muulize dereva lake linabeba mita ngapi za ujazo.

Mvua ikinyesha maji yanashuka katikati ya njia kama mto. Nimeshauriwa nichimbe mtaro. Upande upi?

Kabla ya jembe, chukua mwavuli. Toka wakati mvua inanyesha, utazame maji yanaingilia wapi na yanataka kutokea wapi. Nusu saa hiyo itakufundisha kuliko mimi.

Kisha njia ipewe mgongo: katikati pawe juu kuliko kingo. Kwa upana wa mita 3, kimo cha sentimita 6 katikati kinatosha. Pima kwa kamba na kifaa cha pima maji, maana jicho hudanganya, hasa kwenye mteremko. Mgongo huo uanze kwenye udongo wenyewe chini, usiupake juu kwa kokoto tu.

Kama ardhi inainamia upande mmoja, mtaro muhimu ni ule wa upande wa juu, unaokamata maji kabla hayajaifikia njia. Kitako cha mtaro kiwe chini kuliko kitako cha mawe yako, la sivyo maji yatarudi kulala ndani ya mawe. Nao uwe na pa kutokea; mtaro usio na mwisho ni bwawa refu.

Panapokutana njia yako na mtaro wa barabara kuu, weka kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya njia. Bomba jembamba huziba kwa majani, kwa hiyo usishuke chini ya milimita 300, na lilale kwa mteremko kidogo. Waulize kwanza wanaosimamia barabara hiyo. Kwenye mlima mkali, ongeza matuta ya mshazari yanayoyatoa maji pembeni kabla hayajapata kasi.

Mashimo nayaziba kila mara, yanarudi palepale. Na sehemu nyingine pamekuwa kama ubao wa kufulia, matuta madogo madogo mfululizo.

Ubao huo unaletwa na mwendo wa kasi kwenye kokoto kavu, basi zungumza kwanza na dereva. Shimo nalo ukilijazia kokoto juu juu, gari litazitapanya kwa wiki moja. Tifua pale pote kwa sururu hadi chini ya kina cha shimo, nyunyiza maji, rudishia mgongo, shindilia.

Likirudi tena, kagua ukingo. Mara nyingi majani yameota pembeni yakakusanya udongo, yakawa tuta dogo lisiloonekana, na maji yanayotaka kutoka njiani yanagonga hapo na kurudi. Lichonge kwa jembe hadi maji yapite.