Kadi ya kliniki imebaki kwenye mkoba wake

"Shangazi, nina miaka 61, ni fundi mitumbwi hapa Igombe. Mke wangu alifariki mwezi wa tatu. Nina presha, mwaka wa saba sasa. Yeye ndiye aliyekuwa ananitolea vidonge asubuhi na kuniwekea kwenye kisosi cha chai. Tarehe za kliniki alizijua yeye, na kadi yangu aliitunza kwenye mkoba wake. Tangu tumzike sijakanyaga kliniki. Vidonge nameza nikikumbuka, na jioni miguu inavimba. Juzi nilipima duka la dawa nikaambiwa 168 kwa 102. Binti yangu yuko Dar es Salaam, amenibana hadi nimekubali kwenda Alhamisi. Naona aibu. Manesi wamezoea kutuona wawili, wataniuliza mama yuko wapi. Daktari naye nafikiria nimwambie tu dawa nameza kama kawaida. Nisaidie."

Kaka yangu fundi, pole sana. Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila nikifika kwenye kile kisosi nasimama. Mtu akikuwekea dawa kwenye kisosi miaka saba, akiondoka anaondoka na mkono uliokuwa unakutibu. Usijilaumu kwamba umesahau vidonge. Hukuwahi kuvikumbuka wewe.

Ila hilo la kumdanganya daktari, hapana. Nakuomba kabisa. Wewe ni fundi, utanielewa haraka: mtu akikuletea mtumbwi unaoingiza maji halafu akaapa kwamba haujagonga mwamba popote, utahangaika na mbao ambazo hazina kosa. Daktari ndivyo atakavyofanya. Ataona 168 kwa 102, wewe unasema dawa unameza, yeye ataamini kwamba dawa hiyo imeshindwa. Atakuongezea kipimo au atakuandikia ya pili juu yake. Utarudi nyumbani, binti atakupigia simu asubuhi na jioni, utazimeza zote kwa uaminifu, na presha itashuka kupita inavyotakiwa. Mzee anainuka kitandani usiku kwenda chooni, kizunguzungu, chini. Mwambie hivi hivi ulivyoniandikia: "Mke wangu amefariki mwezi wa tatu, tangu hapo dawa nameza kwa kubahatisha." Sentensi moja tu, na inamweleza karibu kila kitu anachohitaji kujua, kwa sababu msiba wenyewe unaharibu usingizi, unaharibu kula, na presha inapanda navyo.

Wala usimeze viwili viwili Jumatano usiku ili kipimo kisome vizuri.

Vidonge vyote vilivyomo ndani, hata paketi tupu, tia kwenye mfuko uende navyo. "Kile cheupe kidogo" hakimsaidii daktari, vyeupe ni vingi. Kama kuna mizizi au majani unayochemsha, yataje pia, hakuna atakayekucheka. Na miguu mwonyeshe, vua kabisa viatu. Ipo dawa ya presha inayoitwa amlodipini, wengi wanaimeza, na inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu. Ikiwa ndiyo hiyo, daktari anaweza kukubadilishia. Lakini miguu huvimba pia moyo au figo vikichoka, ndiyo maana sitaki ujiamulie mwenyewe kuiacha. Ukianza kuhema ukilala chali, au kifua kikibana, au mdomo ukaenda upande na mkono mmoja ukakosa nguvu, Alhamisi usiisubiri. Nenda saa ile ile, hata usiku.

Ukifika, usikubali kupimwa ukiwa bado unahema kutoka kwenye daladala. Mwambie nesi unaomba ukae dakika tano kwanza. Uegemee kiti, miguu yote chini, mkono uwe umelazwa mezani usawa wa moyo, na usiongee wakati mashine inasoma. Chai ya rangi na sigara viwe vimepita nusu saa nyuma.

Na nesi huyo atakuuliza mama yuko wapi. Najua, hapo ndipo penye mzigo. Nilipofiwa na mume wangu, muuza nyanya aliniuliza "mzee leo hakutuma?" nikaacha kikapu pale pale sokoni nikarudi nyumbani. Mpe binti yako kazi hiyo: apige simu kliniki Jumatano, awaambie. Akishindwa, ingia ukaanze nalo wewe, kabla hawajauliza. Ukilia, umelia. Waliomzoea mkeo nao wana haki ya kukupa pole.

Hujaniambia unakula nini, ila wanaume waliofiwa nawajua: chipsi jioni, asubuhi chai na andazi. Na huko mwaloni kayabo halikosekani. Kaka, yule sangara wa chumvi si wako tena. Chumvi ya siku nzima, pamoja na iliyojificha ndani ya vyakula, isizidi kijiko kimoja cha chai. Sato mbichi wa kuchemsha na ndimu unaweza kujipikia, hata kama hujawahi kushika sufuria.

Suala la gharama, umeshavuka 60. Sera ya nchi ni kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bure. Ofisi ya mtaa wako wakuelekeze utaratibu wa kitambulisho. Kama bima yako ilipitia kwa mama, hakiki mapema kabla hujafika dirishani.

Usiku ukiwa mrefu mno, ukajikuta unatamani kumfuata, hilo nalo mwambie daktari kwa maneno hayo hayo. Ni ugonjwa kama presha, na unatibiwa.

Sasa kadi. Inabidi uufungue ule mkoba, nami nadhani hicho ndicho umekuwa ukikikwepa kuliko hata kliniki. Jumatano, jua likiwa bado lipo, mwite shemeji yako au jirani uliyemzoea akae nawe. Kadi ukiipata, itie kwenye mfuko wa shati utakalovaa kesho yake. Vingine vilivyomo, leso yake, funguo, chenji ya daladala, viache kama alivyoviacha. Si lazima uvimalize siku hiyo.