Chakula cha Watoto Tukikusanye Wakati wa Kusi

Kama mnaishi fleti hapa Malindi na mnataka kukusanya chakula cha watoto, msingoje Ramadhani. Mwezi huo mikono hufunguka yenyewe, misikiti hufuturisha, majirani hupelekeana sahani. Shida hubisha hodi upepo wa kusi ukishika, kuanzia Aprili hivi. Bahari inachafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, wageni wanapungua, na vibarua wa hoteli wanaambiwa wakae nyumbani kwanza. Aprili shule nazo hufungwa, na mtoto aliyekuwa akila mchana shuleni anakosa hata hicho.

Jengo letu huchanga wakati huo. Ndoo zenye vifuniko hukaa chini ya ngazi, karibu na askari, na kwenye kundi la WhatsApp tunataja kitu kimoja kila wiki: wiki hii pojo, wiki ijayo mafuta. Ukiandika "leteni chochote", utaletewa unga mtupu. Unga unashibisha, ndiyo. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka 5 katika Kaunti yetu ya Kilifi wamedumaa, ilhali kwa nchi nzima ni asilimia 18. Mtoto anaweza kulala tumbo limejaa sima na bado asikue. Ombeni pojo, kunde, maharagwe, njugu, dagaa wakavu. Mayai hayafai kurundikwa ndooni. Sisi huacha pesa kwa mwenye duka mtaani, mama akachukua machache machache.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msipokee, hata yakiletwa kwa nia njema. Miezi 6 ya mwanzo mtoto anatosheka na ziwa la mama, na Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti maziwa hayo. Mlisheni mama, naye atanyonyesha.

Nani apewe? Sisi wa ghorofani hatujui, tusijifanye tunajua. Mwulizeni mhudumu wa afya ya jamii wa mitaa kama Maweni, Muyeye au Kisumu Ndogo. Yeye anazijua nyumba, na anajua kutumia utepe wa kupimia mkono. Mtoto wa kati ya miezi 6 na 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 12.5 ana utapiamlo. Akiwa chini ya 11.5, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, asisubiri kikapu chetu.

Picha za watoto wakipokea chakula, hapana. Hili kwangu halina mjadala. Kesho mtoto huyo atakaa dawati moja na wanenu.

Masika yana unyevu, kwa hiyo toeni vitu kila wiki kabla fukusi hawajaingia. Na kama jengo lenu lina nyumba chache, unganeni na la jirani kabla ya kuanza. Mama akishapangia kikapu hicho, kumkatia katikati ya Juni ni kumwacha pabaya zaidi.