Chai au tiyi: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Marahaba, na salamu za mkwe zimefika. Umeniuliza kati yako na mumeo nani yuko sahihi, wewe unayetaka mtoto aseme chai au yeye anayemfundisha kusema tiyi kama kwao Blantyre, Malawi, na eti mmebishana mpaka chakula kimepoa. Nitakujibu, ila naanzia mbali kidogo, si unanijua.

Kwanza hayo maneno yote mawili ni ya Wachina. Wana herufi moja tu ya kuandikia chai, lakini nchi yao ni kubwa, sehemu nyingi wakiiona hiyo herufi wanasoma "cha", na watu wa pwani ya Fujian, pande za bandari ya Xiamen, wanasoma "te". Sasa karne ya 17 Waholanzi ndio walioanza kuyapakia majani kwa wingi kupeleka Ulaya na wauzaji wao walikuwa hao watu wa Fujian, basi wakaondoka na "te" yao, Mfaransa na Mjerumani wakaichukua hivyohivyo, na Mwingereza akaivuta mpaka ikawa "ti". Mreno yeye alikuwa Macau ambako wanasema "cha", ndo maana mpaka leo Ureno hawana "te". Halafu binti mfalme wao, Catherine wa Braganza, akaolewa na mfalme wa Uingereza mwaka 1662 akaenda na mapenzi yake ya chai, wakubwa wa kule wakamuiga kunywa, lakini neno la kwao halikushika, walibaki na lile la Mholanzi. Huyo mama namfikiria sana, kuingia ukweni watu wakanywa unachokunywa ila wakakiita wanavyotaka wao!

Ile "cha" nyingine ilipita nchi kavu ikafika Uajemi ikawa "chai", na hivyo ndivyo wanavyosema Warusi, Waturuki na Wahindi, Waarabu wakasema "shai" maana "ch" hawana, na sisi ikatufikia kwa njia ya bahari. Waganda nao wana yao inayofanana na yetu, Wanyarwanda wanasema icyayi. Ukishuka kusini huko uliko ndo unaikuta tiyi, na Wazulu itiye, kwa sababu wao walilipata kwa Mwingereza. Mimi siku zote nasema neno linakwenda na aliyelibeba.

Ila hapo najibishana mwenyewe, maana na sisi Mwingereza si alitutawala, mbona hatukusema ti? Na Mjerumani ndo aliujaribu huo mche kule Amani, Usambara, mbona hakutuachia "te" yake? Nadhani walikuta neno limeshakaa mdomoni mwa watu wa pwani. Kwa hiyo niseme linakwenda na aliyelibeba wa kwanza. Lakini waangalie ndugu zetu wa Karonga, upande wa Malawi, katikati yetu na wao ni mto Songwe tu, lugha ya nyumbani ni ileile, tunazikana, tunaoana, ukivuka tu unakaribishwa tiyi. Hakuna aliyewahi kugomea kikombe kwa sababu hiyo.

Mimi lakini nikisikia chai simuoni Mchina wala Mholanzi, namuona bibi yako na kapu mgongoni. Wewe ulimjua ameshazeeka, hukuviona vile vidole. Majani mabichi yana maji yake yanayoganda kwenye ngozi yakawa meusi, hata asugue na mchanga hayatoki, kanisani alikuwa anaficha mikono kwenye kitenge. Siku moja niko naye kwenye foleni ya mzani, mvua imenyesha tangu alfajiri, majani mazuri, mawili na chipukizi, hakuna hata jani moja gumu. Karani akapima, akaandika pungufu, akasema anakata kilo tatu za maji. Bibi yako akamwambia mbona jana imenyesha vilevile na hukukata hivyo. Yule kijana akainama kidogo akamwambia kwa sauti ya chini, mama, ungeleta chai tungeelewana. Mwanamke ametoka kubeba chai mlima mzima anaombwa chai! Akamjibu taratibu tu, "Mwanangu, chai ndiyo hiyo uliyoikata." Foleni nzima ilinyamaza. Na kilo tatu hazikurudi, zilikwenda.

Mpaka leo inaniuma. Miaka mingi nikalichukia hilo neno, na sasa vijana wenu wameliongezea maana nyingine tena, mtu akidanganya wanasema hiyo chai. Kwa nini kitu kilichotusomesha ndicho kipewe jina la hongo na la uongo? Halafu najiambia neno halina kosa, karani ndo mwenye kosa, angekuwa Malawi angeomba tiyi. Halafu tena nasema hapana, likizoea kusemwa hivyo mtoto anakua anajua chai ni kitu cha kupenyeza chini ya meza, na mjukuu wangu sitaki aijue hivyo.

Sasa unataka hukumu. Natamani sana kuitoa, na unajua ingeangukia wapi. Ila mumeo naye ana mama yake, na Thyolo na Mulanje huko kwao watu wanachuma vilevile na vidole vinakuwa vyeusi vilevile, siwezi kukaa Tukuyu nikamwambia mama wa mwenzio kwamba alichokuwa anabeba kinaitwa vingine. Kwa hiyo siamui, mtaelewana wenyewe.

Nimempa dereva wa basi la Kasumulu majani ya hapahapa Rungwe, mtu wetu atakupokelea mpakani. Chemsha na tangawizi kwanza, maziwa yaje mwishoni, na mtoto usimjazie sukari. Yakifika niambie, na uniambie ameyaitaje.

Mama yako